Kipande cha Shingo na Utaalamu Wangu wa Aiskrimu

Maabara ya hospitali, jengo la nyuma,
Chumba cha chini.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu nzito kutoka kwa mjomba wako, ambaye naye ni mzito. U hali gani huko? Kifua chako kimepoa? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama yako naye mzima, ila ana bandeji shingoni na amenikataza nisikuandikie. Kwa hiyo naandika upesi kabla hajaamka.

Usishtuke. Ule uvimbe wake wa shingo ulitolewa Jumanne. Uvimbe ukiwa salama, wanashona, basi. Ukiwa mbaya, wanakata zaidi palepale, na huenda sauti yake ikapotea. Jibu lilitakiwa angali amelala mezani, na maabara yetu ndiyo hulitoa. Nasema yetu kwa sababu bila mimi hapa hata mlango haufunguliwi.

Kipande cha uvimbe hugandishwa, hukatwa kwa mashine kuwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, hupakwa rangi, kisha daktari huinamia hadubini. Robo saa tu. Mgandishaji ni binti mmoja tunayemwita Wembe. Sasa mimi, mpwa wangu, niliuza aiskrimu miaka minane. Nani wa kunifundisha kugandisha? Mji mzima ulikuwa ukilamba kazi yangu.

Basi nilipotumwa kukichukua kipande cha mama yako, nilibeba chupa iliyojaa barafu na chumvi, mbinu yetu ya zamani. Nikakifunga kwa kitambaa kilicholowa, nikakizika humo. Njiani nikasimama kidogo kumweleza mlinzi, na mwuguzi mmoja, na fundi wa lifti, ni utaalamu gani nimebeba.

Wembe akakata, daktari akachungulia. Matundu matupu, kama sifongo.

"Mzee, hii si aiskrimu," Wembe akaniambia. "Ukigandisha polepole, maji yaliyomo yanakuwa visindano vya barafu, vinatoboa kila kitu. Mimi nakausha, natumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu yoyote, kufumba na kufumbua kimeganda. Kaombe kingine. Kikavu. Na usiongee na mtu."

Nilikimbia, mpwa wangu, hata upepo ukanipisha. Kiatu kimoja hakijarudi mpaka leo. Daktari wa upasuaji alinitazama juu ya barakoa, akanikatia kingine. Nikakifikisha kikavu ndani ya kikopo, mdomo nimeufunga. Wembe akakigandisha kabla sijamaliza kuhema. Dakika kumi na mbili sikutamka neno. Waulize, hapa inahesabiwa kama sikukuu.

Daktari akainua kichwa. "Salama. Waambieni wamshone."

Nikakaa sakafuni palepale, kwa bahati niliipiga deki mwenyewe asubuhi.

Alasiri nilisimama pembeni ya kitanda chake, naiogopa sauti itakayotoka, na naogopa zaidi isipotoka. Kumbe mwuguzi alikuwa ameshanichongea. Mama yako akafumbua jicho moja.

"Chumvi?" akasema. "Kwani mimi samaki?"

Wodi nzima ilisikia. Aliye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alicheka hadi akaomba asaidiwe kukaa.

Nisalimie mkeo, na uwabusu wajukuu wangu wawili. Mungu awape usingizi mtamu na simu zenye habari njema.

Ni mimi akupendaye, niliyeko huku na kiatu kimoja,
Mjomba wako