Mtaro Katikati ya Kiwanja cha Ndege

Jumatatu, 4 Novemba
Mbuzi nimewafukuza. Kitambaa cha kuonyesha upepo nimekishona. Mkaguzi wa viwanja vya ndege kapiga simu: Jumamosi ndege yake ikishindwa kutua, kiwanja kinafungwa na ardhi inakatwa ploti. Kiwanja ninachokitunza mimi! Wanajeshi wa Mwingereza walikijenga wakati wa vita, babu yangu akiwa kati ya walioshindilia murram, udongo mwekundu wa changarawe. Hapa Makindu wazee bado wanakiita Kambi. Nimekasirika.

Jumatano, 6 Novemba
Kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, watafyeka vichaka kesho. Mimi naenda mjini Wote kuchukua rangi ya mistari. Furaha tele.

Alhamisi, 7 Novemba
Vichaka vimekwisha. Na kiwanja kimekatwa katikati kwa fanya juu, ule mtaro wa kuzuia mmomonyoko ambao udongo wake hutupwa upande wa juu! Mtaro wa kufika magotini, tuta limenyooka, safi kuliko la shambani kwangu. Waliona maji yamekula udongo, mikono ikawawasha. Mwenyekiti wao, Mwaitu Kalunde, mama yetu sote, alikuwa ananisubiri nishukuru.
"Mami, maji ingebeba hii uwanja yote. Hata nyasi tumekupandia."
Nikakaa chini. Nikalia. Nikacheka. Nikalia tena.

Ijumaa, 8 Novemba
Wamerudi wote kufukia, wakinicheka kwa kutowaambia mapema kuwa ndege haipandi matuta. Lakini tulipokwangua tope chini ya mtaro wao, majembe yaligonga mawe yaliyopangwa. Mfereji wa wanajeshi! Unapita chini ya kiwanja, umeziba kwa udongo miaka yote hii. Ndiyo maana maji yalikuwa yanapita juu. Tumeuzibua kwa miti mirefu, tukafukia, tukashindilia kwa miguu. Nyimbo za kanisa zilipoisha zikaingia za harusi. Mgongo umekwisha. Sijacheka hivi tangu nizaliwe.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua asubuhi. Nimeichukia. Mungu anisamehe, Mkamba hachukii mvua. Maji yakaingia mferejini, yakatokea ng'ambo. Juu pakabaki pagumu.
Ndege ikazunguka, ikashuka, ikapita kwenye kiraka chetu, pale tulipofukia, bila kudunda hata kidogo. Mkaguzi kasema kiwanja kinabaki. Vigelegele! Mwaitu Kalunde kamshika mkono, anamwonyesha mahali pengine panapohitaji fanya juu.

Jumapili, 10 Novemba
Nimesinzia kanisani. Mchana nimetembea kiwanjani, viatu mkononi. Pale kwenye kiraka, alama za magurudumu zimepita juu ya nyayo za kina mama. Udongo haujabonyea. Nimekaa hapo hapo, bila kazi yoyote, mpaka jua likazama.