Nyanya za Keshero Hazikuoza

Goma, Mapendo

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na Papa. Mugongo wako unaendeleaje? Maharagi yameota? Sisi huku tuko wazima, mimi, bwana yangu Kambale na mutoto wetu Neema. Barua hii anakuletea shofere wa lori anayezungukia Uganda, kwa sababu vita vimefunga njia ya Rutshuru. Akifika, mupe chai.

Mama, ujumbe wako ulinifikia: niache Goma, nirudi Butembo kabla risasi hazijanikuta. Nakujibu hapa mwanzoni ili usisome huku ukingoja. Sirudi. Usikasirike, soma kwanza yaliyotupata.

Unajua tunalima wamama tisa kule Keshero, karibu na ziwa, katika shamba tulilokodi kwa muzee mumoja. Mwisho huu wa kiangazi nyanya ziliiva zote kwa mara moja, nzito mpaka vijiti vikainama. Siku ya Jumanne, jua likiwa kichwani, yule muzee akaja anahema.

"Wamama, wenye bunduki wameniambia kesho asubuhi wanaweka kambi hapa. Kimbieni, nyanya ziacheni."

Mama Zaina akamuangalia. Huyu ni jirani yangu, mujane wa Kiislamu, wazee wake walitoka Kasongo. "Wamesema kesho," akamujibu. "Leo bado ni yetu." Akainama, akaendelea kuchuma.

Tulichuma mpaka vidole vikawa vya kijani. Mabomu yalikuwa yanalia upande wa Sake. Kahambu, mwenzetu mwenye mimba, alikuwa analia na kuchuma, lakini hakusimama.

Tukabeba mabeseni kichwani. Njiani tukakuta kizuizi, na wanaume wenye bunduki. Mumoja wao akasema kila mutu aache nusu ya nyanya zake. Mama Zaina akatua beseni lake, akakaa chini katikati ya barabara.

"Mama, inuka."

"Nimechoka. Tumepanda, tumemwagilia, tumebeba. Wewe ulikuwa wapi? Kama unazitaka, anza kunibeba mimi."

Mama, nilitaka kukimbia. Lakini nikakaa. Kahambu akakaa. Tukakaa wote tisa, na magari yakaanza kujipanga nyuma yetu, yanapiga honi. Mukubwa wao akatoka kivulini, akapiga beseni la Kahambu teke, nyanya zikatawanyika. "Muondoke hapa," akasema. Hatukukimbia. Tuliokota kwanza zile ambazo hazikupasuka, moja moja, magari yakingoja. Ndipo tukaondoka.

Soko lilikuwa limefungwa, na nyanya haingoji mutu. Wewe kule ungezianika, lakini vumbi la hapa linaingia katika kila kitu. Mama Zaina alijua njia nyingine. Tukapita nyumba kwa nyumba, toka mutaa wetu wa Mapendo mpaka ule wa Murara, tukiomba chupa za mudomo mupana, zile za mayoneze, na vifuniko vyake. Tukazichemsha. Nyanya tukazimenya, tukazipika na chumvi mpaka zikawa nzito, tukakamulia ndimu, tukajaza chupa na kufunga. Halafu tukazipanga katika sufuria kubwa juu ya kitambaa, tukazichemsha tena kwa muda murefu. Mbili zilipasuka kwa sababu niliziweka kwenye saruji yenye maji zikiwa bado moto. Zilizobaki zilipopoa, tulibonyeza kila kifuniko. Kisichorudi juu, tulijua kimeshika.

Vita vikaingia muji. Wiki nzima hakukuwa na soko wala umeme, na maji tuliteka ziwani kwa kuvizia. Nyumbani kwetu tulikuwa watu kumi na mbili, pamoja na familia iliyokimbia kutoka Sake. Mama wa familia hiyo hakuwa amesema neno tangu afike. Nilifungua chupa, nikapika na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikamupa na bugali. Akaonja. Halafu akasema, "Chumvi mulitia kidogo."

Tukacheka, Mama, risasi zikilia nje. Naye akacheka, akaomba kuongezewa.

Shamba sasa limejaa mahema yao. Lakini katika parsele ya Mama Zaina, kiwanja cha nyumba yake, juu ya mawe ya volkeno, tumejaza udongo katika magunia, na miche imefika vidole vinne. Wakitufukuza na hapo, tutabeba magunia.

Shofere anakuletea chupa moja. Ifungue mbele ya baba mukubwa, yeye aliyesema wamama wa Goma wanajua kukimbia tu. Umupe kijiko cha kwanza.

Musalimie Papa, dada Masika muuguzi, kaka Paluku na wanafunzi wake, na shangazi muuza maharagi, umwambie namukumbuka sana. Musituombolee, tungali hai. Shofere akirudi, mupe mbegu za zile nyanya ndogo za Lubero. Magunia manne bado ni matupu.

Ni mimi mutoto wako,
Kavira, wa Mapendo