Mbuzi wa Watu Kumi na Mmoja

Kambini, Patiala
10 Februari 1987

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Baba hajambo? Na goti lako, umelipumzisha au bado unapanda nalo kilimani kuokota kuni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka meno, na chapati ni asubuhi, mchana na jioni. Juzi niliota wali.

Niombee radhi kwa wenzetu. Ile telegramu ya kuniita timu ya taifa ilifika jioni ya fainali, na basi liliondoka alfajiri, sikuaga mtu. Mlimla mbuzi wetu wa ushindi? Mwambie Shangazi Jhalo kwamba golikipa aliyelala robo tatu ya mchezo kwa sababu mabeki wake tulikuwa macho hastahili paja.

Mama, huku mpira wa magongo unachezwa juu ya zulia. La plastiki, kijani, linamwagiwa maji kama bustani. Mpira hauruki, unateleza tu. Wewe ulinifundisha kwamba beki anayeukimbilia mpira ni mjinga: mpira utagonga kokoto, utaruka, kwa hiyo subiri nusu hatua uupokee unapotua. Nikisubiri nusu hatua huku, mpira umeshapita chini ya gongo langu. Kocha ananiita Bibi Subiri na wenzangu wanacheka.

Tuko mabeki watano na watasafiri wanne. Nataka kwenda, Mama. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Binti yako,
Asrita


Karamtoli
1 Machi 1987

Asrita mwanangu,

Milele amina. Sisi wazima. Baba yako anakohoa, lakini hiyo ni tumbaku yake, usimhurumie. Goti liko pale pale. Maua ya mahua, yale ya kupikia pombe, yameanza kuanguka, kwa hiyo kila mtu yuko msituni anaokota, na walevi wanahesabu siku.

Mbuzi hakuliwa. Umesahau sheria mara hii? Nyama ya fainali huliwa na wote kumi na mmoja waliocheza, siku moja, chungu kimoja, au hailiwi kabisa. Wewe uliondoka, tumebaki kumi. Nimemfunga nyuma ya nyumba mpaka urudi. Amekwisha kula kabichi za mke wa katekista, na mimi ndiye niliyetukanwa. Filisita, mshambuliaji wetu, anamwita Mheshimiwa, kwa kuwa anakula vya watu na kazi hafanyi.

Mambo ya mazulia siyajui. Kwetu nusu hatua ni sawa, huko msikilize mwalimu wako. Lakini akikuita tena Bibi Subiri, mwambie kwamba mama yako amesubiri hivyo hivyo tangu hujazaliwa, na jirani zetu wa Bolbira hawajatuchukulia mbuzi.

Kula hizo chapati. Usichague.

Mama yako


Patiala
22 Aprili 1987

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za nyumbani? Mimi mzima, na sina muda wa kuandika mengi.

Nimechaguliwa! Kesho kutwa tunapanda ndege kwenda Kuala Lumpur, kwenye mashindano ya mataifa. Kila asubuhi nilikuwa natoka kabla ya wenzangu, najipigia mpira ukutani na kuufuata bila kusubiri. Nadhani ile nusu hatua imekwisha miguuni.

Mwambie Mheshimiwa ajiandae.

Binti yako,
Asrita


Karamtoli
30 Mei 1987

Asrita,

Milele amina. Hatujambo. Je, wewe?

Tulisikiliza redio kwa Padri, sote, na watoto juu ya ukuta. Mvua ilikuwa inakoroma kwenye mawimbi, tukisikia neno, maneno matatu yanapotea. Nusu fainali mtangazaji alilitaja jina lako mara moja tu, na heri asingelitaja. Halafu Wakorea wakashangilia. Shangazi Jhalo alizima redio, Padri akaiwasha, akaizima tena.

Yule msichana wa Simdega uliyekuwa naye kambini amesharudi kwao, ameonekana sokoni akinunua viatu. Wewe unarudi lini? Andika.

Mama yako


Karamtoli
15 Agosti 1987

Asrita,

Mimi ni mzima, kama unataka kujua.

Mpunga umepandwa bila wewe. Binamu yako Matiyas ametoka Kharagpur, anasema uko huko, umeajiriwa na Shirika la Reli, una chumba na feni. Kumbe! Mwanangu ana feni, na mimi naambiwa na Matiyas, ambaye hata vifungo vya shati lake hajui kuvifunga. Sikukuzaa ili niulizie habari zako kwa watu.

Mheshimiwa amekuwa mnene mpaka anatembea kwa kupumzika. Watu wananiuliza atachinjwa lini.

Mama yako


Kharagpur
2 Oktoba 1987

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba unisamehe. Baba anaendeleaje na kifua?

Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Ilikuwa hivi. Tulikuwa sare, dakika za mwisho. Mkorea akaupiga mpira kuja upande wangu, mpira wa kawaida tu, hata mtoto angeuzuia. Mimi nikasubiri. Nusu hatua, Mama. Nilidhani nimeisahau, kumbe kichwa ndicho kilichosahau, miguu haikusahau. Mpira ukapita chini ya gongo, nikageuka, nikauona umeingia.

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo baya. Ndani ya ndege walinipa kiti cha dirishani.

Reli waliniajiri niwachezee. Kila wakiniita mazoezini nasema mguu unauma. Hauumi. Gongo liko chini ya kitanda.

Nyie mmenifugia mbuzi wa ushindi. Nije kumla kwa ushindi upi? Nitapita mbele ya wale watoto wa ukutani kwa uso gani? Mchinjeni, mle, mseme Asrita hayupo. Naona aibu, Mama. Siwezi kurudi.

Binti yako,
Asrita


Karamtoli
20 Desemba 1987

Asrita mwanangu,

Milele amina. Baba yako kifua kimetulia, amepunguza tumbaku kwa siku mbili akaona inatosha. Mpunga tumevuna, mwaka huu si haba.

Sasa nisikilize. Nani alikuambia mbuzi huyu ni wa Kuala Lumpur? Kuala Lumpur wana mbuzi wao. Huyu ni wa Januari iliyopita, wa fainali yetu na Bolbira, na tulimpata wewe pamoja nasi, vumbi mpaka kwenye kope. Hatukumfuga ili ushinde. Tulimfuga kwa sababu hukuwepo. Umelibebaje jambo hili kichwani muda wote huu?

Ndiyo, nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Si kwa ajili ya goli. Goli ni goli, nami nimefungwa mengi. Hasira yangu ni kwamba ulikosea ukaenda kujificha kwa watu. Mtu akikosea hurudi kwao, ndiyo kazi ya kwao. Nimekukumbuka mpaka jioni naongea na mbuzi.

Wenzetu wamechoka kungoja. Shangazi Jhalo anahamia Assam na mumewe, kwenye mashamba ya chai, mwisho wa Januari. Akiondoka, wale kumi na mmoja hawatakutana tena, na Mheshimiwa atakufa kwa uzee. Basi tumekaa kikao, wameamua: atarudishwa kiwanjani, awe zawadi ya fainali yetu na Bolbira tarehe kumi na saba Januari. Atakayeshinda amchukue. Bolbira wameshasikia, wameshanunua na viungo.

Mimi nitacheza kulia, goti nimelifunga kitambaa. Filisita yuko mbele, Jhalo golini. Tuko kumi. Kushoto hakuna mtu, na sitaki kumweka mwingine. Kokoto za kiwanjani hatujaziokota hata moja.

Mama yako


Kharagpur
8 Januari 1988

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, na mguu wangu ni mzima pia, nimemwambia ukweli mkubwa wangu wa kazi. Amenipa likizo na kunigombeza, vyote kwa mpigo.

Nashuka kwenye treni Rourkela Ijumaa, Jumamosi nitakuwa nyumbani. Usije stendi, litunze goti. Watoto wa ukutani waache waje, wataniona hapo hapo.

Waambie Bolbira viungo wasivifungue. Nipange kushoto. Mpira ukija, nitasubiri nusu hatua.

Binti yako,
Bibi Subiri