Zamu ya Paulina Naikaa Mimi

Mama Paulina,

Usicheke herufi zangu. Darasa la kisomo niliacha ulipougua, lakini nilichopata kinatosha, na hao walioendelea hawanizidi. Naandika kwa sababu sina wa kusema naye. Tangu tulipokuzika hapa uani, nyumba yetu imetengwa kama mila ilivyo. Hatuingii kwa mtu, mtu haingii kwetu, ng'ombe wetu wanakunywa peke yao. Kule juu tulikotoka kila mtu alikuwa na kilima chake, msiba haukumbana jirani. Hapa kijiji cha ujamaa nyumba zimepangwa mstari, mtu akikohoa unamsikia. Kwa hiyo wanatuogopa zaidi. Wanatusalimu kwa kelele, toka ng'ambo ya mfereji, ndio mpaka wetu.

Sasa sikia. Paulina wetu, Bibi Maendeleo wa tarafa, amepata nafasi Ulaya. Masomo ya juu kuliko ile digrii yake, ya maendeleo ya mataifa na mabadiliko ya jamii. Nikamwuliza, maendeleo si shamba na zahanati, yanasomewaje miaka miwili? Akasema, "Baba, tunasoma kwa nini watu hubadilika, na kwa nini wengine hukataa." Nikamwambia hapo kwenye kukataa waniite mimi nikafundishe.

Lakini alitakiwa afike Mbulu Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Na kutengwa kwetu ni mpaka mavuno. Akivuka mfereji kabla ya kutakaswa, wazee wanasema ametawanya kifo kijijini. Nyumba ya hivyo haisaidiwi tena kulima. Hufukuzwa.

Jumatatu asubuhi lori la mahindi la kutoka Maretadu likasimama barabarani. Dereva mgeni, hajui mambo yetu, anapiga honi tu. Paulina amesimama upande wetu na sweta lako la kijani, sanduku miguuni. Ng'ambo wanaume wamejipanga na fimbo, Bura mbele. Bura yuleyule uliyemnywesha uji alipovunjika mguu.

"Akivuka, Baba Paulina, usitulaumu!"

Honi. Paulina hakulia. Alinitazama tu, kama wewe ulivyokuwa ukinitazama ukisema, "Ukimaliza kujisifu, fanya basi." Mama Paulina, mimi niliyemfukuza chui kwa mwiko wako, niliziogopa fimbo zile.

Nikapaza sauti. "Zamu yake ya kutengwa naikaa mimi! Iliyobaki ya kwake naiweka juu ya yangu. Nitakaa mpaka arudi. Sitakanyaga uwanja wa mtu, sitaonja pombe ya mtu. Kifo chote kibaki kwangu, yeye avuke safi!"

Bura akasema, "Mila haina hiyo."

"Basi leo imeipata!"

Wakabishana, kila mmoja na maneno ya babu yake. Lori likaanza kunguruma. Nikamwambia Paulina, nenda. Akashuka mferejini na sanduku kichwani, akapanda upande wao. Fimbo zikainuka. Niliiona ya Bura juu ya mwanao, nikataka kukuita wewe.

Akaishusha. Akampisha njia. Na wengine wakampisha.

Basi nimekaa. Unajua ninavyopenda watu. Nina binti Ulaya, tarafa nzima hakuna mwingine, na sina wa kumtambia! Pombe yao inanukia mpaka hapa, nawasikia wakidanganyana juu ya ng'ombe wao waliokonda. Ndiyo maana nakutambia wewe.

Jana Bura alikuja peke yake mpaka ukingoni. Akaita, "Binti yetu amefika?"

Yetu, kasema. Nilisikia vizuri. Nilimwacha aulize tena, kwa sauti zaidi, mstari mzima usikie. Ndipo nikamwambia amefika, ameandika.

Pumzika sasa, mama. Wakiniita kabla Paulina hajarudi, sivuki. Neno langu nililitoa mbele ya kaburi lako. Akirudi, Paulina mwenyewe ndiye atanishika mkono anivushe, na tutapitia kwako kwanza.

Mimi mume wako, mwandiko ni wangu mwenyewe.