Inspekta Asiyefanana na Ettore

Roma, 14 Januari 1975

Dada Nives,

Habari za Genova? Kifua chako kimepona, au bado unatoka bila skafu? Sisi huku wazima, ila Luciana ana mafua na anataka kila mtu ajue. Nisalimie sana mama mkwe wako.

Ile filamu niliyoiandika imekamilika, wiki ijayo inaanza kuonyeshwa. Magari yanakimbizana, bastola zinalia, damu nyingi. Mwishoni inspekta anapigwa risasi nje ya benki, kama shemeji Ettore. Najua uliniambia, “Andika, lakini usiniite kuitazama.” Kwa hiyo sikuiti. Nimeona tu usisikie kwa watu wengine.

Mdogo wako,
Tullio

Genova, 22 Januari 1975

Mdogo wangu Tullio,

Barua imefika, nashukuru. Kifua kimetulia. Mpe Luciana pole na maziwa ya moto yenye asali.

Nilikuruhusu kwa moyo mmoja, wala sijabadilika. Ila siendi. Humu ndani habari za Ettore bado hazisemeki. Mama Ines hajataja jina la mwanawe tangu mazishi. Nikilitaja mimi, anainuka kwenda kuchambua maharage, hata kama hakuna maharage. Mwaka wa pili sasa tunakula tukiangaliana.

Nakuombea filamu ijaze watu.

Dada yako,
Nives

Roma, 10 Februari 1975

Dada Nives,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inasumbua.

Watu wamejaa, foleni inapinda kona. Lakini magazeti yametuchinja. Mhakiki mmoja wa Milano amemwita inspekta wetu “muuaji mwenye kitambulisho”, akasema anayelipa kiingilio ananunua chuki. Nikisoma naona kama kamwandika Ettore, mtu aliyekuwa akimwomba radhi anayemfunga pingu.

Na siwezi kusema mhakiki kakosea yote. Jana nilikaa ukumbini. Inspekta alipompiga mwizi aliyekwisha nyoosha mikono, watu walipiga makofi. Nilijiona mdogo kitini. Mwenye filamu anataka ya pili. Nimemwambia anipe muda. Nafikiria kuacha kazi hii kabisa.

Niandikie, hata kama ni kunisema.

Mdogo wako,
Tullio

Genova, 18 Machi 1975

Mdogo wangu Tullio,

U mzima? Luciana naye? Sisi wazima kuliko ulivyotuacha. Usidhani nilinuna. Nimekawia kwa sababu siku hizi nyumbani kwetu hapana nafasi ya kushika kalamu, ni maneno tu.

Jirani wa chini alimsomea Mama Ines gazeti la yule mhakiki wako, akidhani anampa pole. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa koti.

“Twende.”

“Wapi, mama?”

“Sinema. Nikamwone huyo muuaji.”

Ningefanyaje? Nikamfuata. Gari la kwanza liliporuka ngazi za soko nilifumba macho. Mama Ines akasema, ukumbi mzima ukisikia, “Huyo ndiye Ettore? Ettore kwenye mteremko alikuwa anashuka garini, anamwachia mwenzake usukani.”

Bwana wa mbele akageuka. “Bibi, tunatazama.”

“Tazama, mwanangu. Mimi nakusahihishia.”

Akasahihisha hivyo hivyo filamu nzima. Inspekta alipompiga yule mwizi, watu wakapiga makofi hata hapa, na mimi iliniuma. Mama akasema, “Uongo. Yule mwizi wa pikipiki, Ettore alimnunulia kahawa kwanza, ndipo akampeleka kituoni.” Nyuma yetu mtu akacheka, lakini kwa upole, na makofi yakaisha. Mimi niliyekuwa mkewe sikuwa na habari ya kahawa hiyo.

Inspekta alipopigwa risasi pale benki, Mama alinishika mkono. Sikufumba macho.

Tulirudi kwa miguu akinisimulia ya pikipiki. Kesho yake, Ettore alivyofukuzwa kwenye kwaya kwa kucheka padri akihubiri. Sasa tukianza kula anauliza, “Nives, nilikwambia siku Ettore alipopotea sokoni?” Amekwisha niambia. Nasema bado, anaanza upya.

Filamu yako siipendi, Tullio, nisikudanganye. Damu imezidi, na huyo bwana wa Milano amesema kweli mahali fulani. Ukiandika nyingine, mfikirie. Lakini usiache kazi. Inspekta wako hakufanana na Ettore hata kidogo, na mama yake hakuweza kuvumilia kunyamaza. Padri alijaribu kumsemesha, daktari alijaribu, mimi nilijaribu. Wewe umeweza. Asante, mdogo wangu. Asante sana.

Pasaka njooni nyote. Mama Ines ataoka pai ya mboga na mayai. Amekwisha sema utakaa upande wake, na usije na haraka zako za Roma.

Dada yako akupendaye,
Nives