Rangi Peke Yake

Liège, tarehe 12 Januari 2025

Papa mupendwa,

Nakusalimia wewe na dada Francine, pamoja na majirani wote wa Cimpunda. Presha yako inaendeleaje? Mimi niko muzima, baridi tu njo inanitesa. Vidole vinapasuka hata nikipaka mafuta.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni gani. Nakueleza kama laborantin kwa laborantin, sababu wote wawili ni wapimaji wa maabara. Kila chembe ya mwili iko na ngozi nyembamba ya mafuta. Tunaitia rangi inayopenda mafuta. Rangi inashika kwenye ile ngozi, na ukiiwashia mwanga wake chini ya mikroskopu, chembe inang'aa nyekundu. Sasa, chembe za kansa zinatupa vifuko vidogo sana vya ngozi yao. Tunavipaka vifuko hivyo rangi, tunavipa chembe zenye afya, na tukiona nazo zinang'aa, tunasema zimevimeza. Profesa wangu ameandika makala juu ya hayo. Jina langu iko la pili.

Papa, mbele ya Noeli nilifanya jaribio ambalo hakuna mutu aliniagiza. Nilitia rangi katika maji matupu, bila kifuko hata kimoja, nikazipa chembe. Ziling'aa vilevile. Rangi inajikusanya yenyewe, inakuwa vitone, na chembe zinameza vile vitone. Pengine mwaka muzima tulikuwa tunapiga picha ya rangi tu.

Nilimuonyesha profesa. Aliangalia picha, akasema, "Agathe, jaribio hilo halikuombwa." Makala inatoka mwezi wa ine. Mukataba wangu unaisha mwezi wa sita, na anayetia sahihi ni yeye. Bila hiyo sahihi sina karatasi za kukaa huku Ubelgiji. Nifanye nini?

Mutoto wako,
Agathe


Bukavu, tarehe 2 Februari 2025

Mama Agathe,

Salamu nyingi, mutoto wangu. Tuko wazima, presha imepanda kidogo. Vita ya Goma umeisikia mwenyewe. Matajiri wa Nguba wanavuka mupaka na magodoro juu ya magari. Sisi wa Cimpunda tunawaangalia. Francine anapiga picha ya hii barua akutumie mbele rezo ya simu haijakatika.

Habari yako nimesoma. Nyamaza. Profesa ni mutu mukubwa, amesema halikuombwa, basi halikuombwa. Ukirudi huku, utarudia wapi? Wenzako uliosoma nao wanauza mikate. Maliza, upate karatasi, ukweli utausema ukiwa umesimama mahali pazuri.

Usiniulize tena juu ya jambo hili.

Papa yako


Liège, tarehe 8 Februari 2025

Papa,

Nawasalimia wote. Nasikia vita inashuka kuelekea kwetu, na moyo wangu hautulii.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikiangalia kama mwandiko ni wako kweli. Nilikuwa na miaka tisa uliponisimamisha juu ya kiti nitie jicho kwenye mikroskopu ya kituo cha afya. Ulinikataza kusema "hakuna malaria" mbele sijaangalia sehemu mia za kioo. Ulisema tisini na tisa ni uongo. Leo unaniambia ninyamaze? Watu wataifuata makala ile, watatafuta dawa mahali ambapo hakuna kitu.

Kuna nini, Papa?

Mutoto wako,
Agathe


Tarehe 15 Februari

Papa, wanasema waasi wameingia mu muji. Simu ya Francine haiiti. Mukae chini, mbali na dirisha. Niandikie.

Agathe wako


Tarehe 21 Februari

Papa, neno moja tu. Hata "tuko".

Agathe wako


Bukavu, tarehe 3 Machi 2025

Mama Agathe,

Tuko. Francine iko muzima, na mimi vilevile. Siku tatu tulikaa sakafuni. Risasi moja ilitoboa bati la jikoni. Benki zimefunga, soko la Kadutu linaanza kurudi polepole. Barua hii nimeipiga picha mwenyewe, njo maana imepinda. Sitaki Francine aisome.

Pale sakafuni nilichoogopa zaidi si risasi. Niliogopa kufa na neno tumboni.

Unamukumbuka Maman Bintu, jirani aliyekuwa anakusuka nywele? Mwaka 2006 alikuja kituoni na homa. Nilitoa damu, nikaipaka rangi kwenye kioo, nikaangalia, nikaandika: malaria, nyingi. Wakamupa kinini. Siku ya tatu shingo ilikakamaa, siku ya ine akafa. Daktari alisema malaria imepanda kichwani.

Wiki iliyofuata kila mugonjwa niliyemupima alikuwa na malaria. Nikashituka. Nikachukua kioo kisafi, bila damu, nikakipaka rangi ileile, nikaangalia. Vile vidudu vilikuwa pale. Rangi ilikuwa imezeeka, imefanya uchafu unaofanana na vidudu, na mimi kwa uvivu sikuichuja. Nilimwaga chupa, nikatengeneza nyingine. Sikuandika popote. Sikumuambia mutu.

Labda ilikuwa homa ya uti wa mugongo. Labda angekufa tu. Hiyo "labda" nimekula nayo miaka kumi na tisa. Ulipoandika juu ya maji matupu, niliona kioo changu. Nilikuambia unyamaze kwa sababu mimi nilinyamaza.

Sasa fanya unavyoona.

Papa yako,
Cyprien


Liège, tarehe 30 Machi 2025

Papa mupendwa,

Namushukuru Mungu kwamba muko wazima. Unisamehe kuchelewa. Wiki nzima sikutaka kuona mwandiko wako. Namukumbuka Maman Bintu. Alikuwa anavuta nywele kwa nguvu, nikilia anacheka.

Kisha niliandikia jarida lenyewe linalotoa makala, nikatuma picha za maji. Profesa aliniita. Hakupaza sauti. Alisema, "Ungenipa muda." Nikamujibu, "Nilikupa miezi mitatu." Makala imesimamishwa. Mukataba hautaendelea. Wenzangu wawili wananipita kwenye korido kama mimi ni ukuta. Natafuta labo ingine; nikikosa, sijui nitarudi kwa njia gani, maana hata uwanja wa ndege wa kwetu umefungwa. Leo sijuti. Ya kesho siijui.

Papa, Mapendo, mutoto wa Maman Bintu, bado iko Bukavu?

Mutoto wako,
Agathe


Bukavu, tarehe 24 Aprili 2025

Mama Agathe,

Pasaka tumeikula salama, ingawa misa ilikuwa fupi. Kula vizuri, usijikondeshe kwa mawazo.

Mapendo iko. Anauza sambaza, wale samaki wadogo, pale soko la Kadutu, na miaka yote nilikuwa nanunua kwake. Juzi nilienda, nikangoja wateja wapungue, nikamuambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alikuwa ameshika kopo la kupimia. Akaliweka chini.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu wiki ileile."

"Kumbe njo maana hujawahi kuniomba nipunguze bei."

Akaniambia niondoke, nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi za soko aliponiita. Unajua, siku ile mama yake alipokuja kituoni, yeye alikuwa amebaki nyumbani. Akauliza, "Alisema nini, ulipokuwa unamutoa damu?"

Nilikumbuka, Agathe. Nilikuwa nimekumbuka siku zote. Nikamuambia, "Alisema nifanye haraka. Ameacha maharagi kwenye moto, na Mapendo atayaunguza."

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilikaa chini kando ya beseni lake mpaka soko likafungwa. Hakunifukuza tena.

Papa yako,
Cyprien