Nusa Maji Kwanza

Mjukuu wangu Asha,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Rusimbi hatujambo. Babu yako yuko Simbo anapalilia mihogo.

Unauliza ununue pasi gani ya mvuke. Chukua isiyovuja, inayoteleza vizuri, uijaribu kwanza upande wa ndani wa nguo. Lakini mimi naogopa zaidi maji utakayoitia.

Nilipokuwa msichana Kibirizi, penye mwalo wavuvi wanakoshushia dagaa, kaka yangu Ramadhani aliitwa kwenye usaili wa kazi. Nikampigia pasi shati lake jeupe kwa pasi ya mkaa, huku nikilinyunyizia maji ya beseni lililokuwa karibu. Kumbe mama alikuwa ameoshea dagaa humo! Joto lilipokolea, shati likanuka mwalo mzima. Nililia. Hakuwa na jingine, akalivaa hivyohivyo.

Huko kwenye usaili mkubwa mmoja akamuuliza, "Kijana, unatoka Kibirizi?"

"Ndiyo, mzee. Na shati pia."

Alirudi anacheka, kazi kaipata. Hakunigombeza hata siku moja.

Sasa kaka ametangulia mbele ya haki. Nami bado nanusa maji kabla ya kupiga pasi, na nikikuta hayanuki dagaa, moyo unaniuma kidogo.

Bibi yako,
Mwajuma